Kupanda Mnara wa Old Kampala: Jibu kwa Mwalimu wa Bukoba

Swali: "Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Bukoba. Mwezi ujao nitakwenda Kampala kwa basi nikiwa na dada yangu, ambaye ametimiza miaka sitini na magoti humsumbua. Tutakuwa na nusu siku tu ya kutembea. Nimeshauriwa nipande mnara wa msikiti wa Old Kampala ili niuone mji wote, lakini wengine wananiambia kwamba nitaona mapaa ya mabati na foleni za magari, basi. Sisi ni Wakristo. Je, inafaa twende? Twende saa ngapi, na tukifika juu tutazame nini?"

Nendeni, Mwalimu, na ukifika juu geukia magharibi kwanza. Hao waliokuambia habari za mabati na foleni hawakusema uongo, kwa sababu wageni wengi huishia upande wa mashariki, ziliko stendi za teksi (yaani daladala), soko la Owino na maghorofa ya Nakasero, wakapiga picha zao, wakapumua kidogo, kisha wakateremka. Upande huo una pilikapilika nyingi na ni halali kuutazama. Hata hivyo, kwa mtu anayefundisha historia, jambo linalostahili jasho lako liko nyuma yao, kwenye vilima vya Namirembe, Rubaga na Mengo, ambavyo vimekaribiana mno kuliko mtu anavyodhani anapovisoma kitabuni. Kutoka kwenye mnara hadi kanisa kuu la Namirembe ni chini ya kilomita moja kwa mstari ulionyooka. Hadi ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, huko Mengo haifiki kilomita mbili. Hadi Rubaga ni kilomita mbili na kidogo. Ukaribu huo ndio somo lenyewe, na hauonekani vizuri mahali pengine popote mjini.

Kabla ya kupanda, ni vyema ukumbuke kwamba Kampala haikuanza kama mji mmoja. Buganda ilikuwa na desturi ya kuhamisha makao makuu, kwa kuwa kila Kabaka alichagua kilima chake, na pengine alihama zaidi ya mara moja katika utawala wake. Wageni walipoanza kufika, walipangwa juu ya vilima kuzunguka ikulu, kila kundi na mahali pake. Wa kwanza walikuwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Zanzibar na pwani. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suuna mwaka 1844 akiwa na habari za Uislamu, zaidi ya miaka thelathini kabla mmisionari yeyote hajakanyaga hapo. Mwanawe Suuna, Muteesa wa Kwanza, alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Waanglikana walifika mwaka 1877, Wakatoliki wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tumewazoea kwa jina la White Fathers, wakafuata mwaka 1879. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880 kila dini ilikuwa na machifu wake, bunduki zake na mgombea wake wa kiti. Kabaka Mwanga, mwana wa Muteesa, aliondolewa mwaka 1888, na ndugu yake Kalema akatawala kwa kuungwa mkono na Waislamu hadi Mwanga aliporudishwa kwa vita.

Katika hali hiyo ndipo Kapteni Frederick Lugard alipowasili Desemba 1890, akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Msafara wake ulianzia Mombasa, na wengi wa watu aliokuja nao walikuwa wapagazi wa pwani pamoja na askari wachache Wasudani. Alionyeshwa bonde lenye unyevunyevu apige kambi, akakataa, akajichagulia mwenyewe kilima kidogo kinachoitazama Mengo bila kizuizi. Hicho ndicho kilima mtakachosimama. Kwa hiyo mikono iliyochimba handaki na kusimamisha boma la kwanza la kikoloni mjini Kampala ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya watu waliozungumza lugha hii tunayoandikiana, jambo ambalo waongozaji wa pale hulitaja kwa nadra, na ambalo ningependa wanafunzi wako walisikie.

Sasa tazama magharibi. Jengo la matofali mekundu lenye kuba, lililo karibu kabisa nawe, ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Namirembe, makao ya Waanglikana. Lililopo lilijengwa kati ya 1915 na 1919, baada ya yaliyotangulia kupatwa na mikasa: moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, jingine likateketea kwa radi mwaka 1910. Katika eneo hilo amezikwa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885 alipokuwa akielekea Buganda kwa njia ya mashariki, na pia daktari Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897. Peleka macho kushoto kidogo, kusini-magharibi, utaiona minara miwili ya Kanisa Kuu la Rubaga, la Wakatoliki, lililojengwa kati ya 1914 na 1925 juu ya kilima ambacho hapo awali kilikuwa na ikulu ya Muteesa. Humo amelazwa Joseph Kiwanuka, ambaye mwaka 1939 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwekwa wakfu kuwa askofu Mkatoliki.

Kati ya vilima hivyo na hapo ulipo kuna bonde ambalo leo limejaa nyumba, maduka na barabara. Tarehe 24 Januari 1892 bonde hilo lilikuwa uwanja wa vita. Makundi ya Kiprotestanti na Kikatoliki, yaliyojulikana wakati ule kama Waingereza na Wafaransa ingawa karibu wote walikuwa Waganda, yalipigana siku hiyo, na Lugard, aliyekuwa amewagawia Waprotestanti bunduki, akaamuru bunduki ya rashasha ya Maxim ifyatuliwe kutoka kilimani. Misheni ya Rubaga iliteketezwa. Mwanga alikimbilia kisiwani, na Wakatoliki wengi wakahamia kusini, Buddu. Ukisimama juu ya mnara huhitaji kufafanuliwa kwa nini mtu mwenye silaha moja ya namna ile, juu ya kilima kile, aliweza kuamua nani atawale. Unapima kwa jicho tu, kutoka kambi moja hadi nyingine, na jibu linakuja lenyewe. Maandishi ya wakati ule hubishana sana juu ya nani alianza. Mimi nadhani suala la nani alianza halina uzito kama suala la nani alikuwa amekaa wapi.

Na hapa, Mwalimu, habari hii inawagusa ninyi wa Bukoba moja kwa moja. Askofu Jean-Joseph Hirth na wamisionari wenzake waliokimbia vurugu hizo walivuka kuingia upande wa Wajerumani, na misheni ya Kashozi, mama wa Kanisa Katoliki katika Kagera, ikaanzishwa mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1892. Basi lenu kutoka Mutukula kupitia Masaka litapita katikati ya Buddu, walikohamia Wakatoliki wale. Mwanga naye aliasi mwaka 1897, akashindwa Buddu, akaingia upande wa Wajerumani, akazuiliwa Mwanza kabla ya kutoroka. Alikamatwa mwaka 1899 pamoja na mfalme Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa Ushelisheli, akafia huko mwaka 1903. Ukitaka kuwaeleza wanafunzi wa Bukoba kwa nini waijali Kampala ya zamani, sioni mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapo.

Ukigeuka kusini utaona ukuta na miti ya Lubiri, ikulu ya Mengo. Kutoka lango lake barabara moja iliyonyooka, Kabakanjagala, inapanda hadi Bulange, jengo la bunge la Buganda lililokamilika katika miaka ya 1950. Ukishaiona barabara hiyo kutoka juu, ni vigumu kuipoteza tena. Ikulu hiyo ndiyo iliyoshambuliwa na jeshi Mei 1966, kwa amri ya Milton Obote na chini ya uongozi wa Idi Amin, hata Kabaka Muteesa wa Pili akakimbilia uhamishoni London, alikofariki mwaka 1969. Ufalme ulirejeshwa mwaka 1993. Kaskazini-magharibi, kwenye kilima cha Kasubi, kuna makaburi ya makabaka wanne: Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Nyumba kubwa ya nyasi iliyokuwa imesimama juu yao iliungua Machi 2010, ikajengwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa sehemu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Msitarajie kuitambua kwa urahisi kutoka mnarani, kwa sababu nyumba ya nyasi, hata iwe kubwa namna gani, haishindani na mabati yanayomeremeta; mwombeni mwongozaji awaonyeshe.

Upande wa kaskazini ni Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na ambako Julius Nyerere alisomea ualimu katika miaka ya 1940. Kaskazini-mashariki ni Nakasero, kilima ambacho Waingereza walihamishia ngome yao mwanzoni mwa karne ya 20 na ambacho hadi leo ndicho kilima cha serikali, na nyuma yake Kololo, ambako bendera ya uhuru ilipandishwa Oktoba 1962. Hapo msipige picha kwa kuvuta karibu majengo ya ikulu na yenye ulinzi; mwongozaji akisema basi, iwe basi.

Mashariki kidogo kuelekea kusini kuna vilima viwili ambavyo wageni huvisahau. Kibuli, wenye msikiti mweupe, ni kitovu cha zamani zaidi cha Waislamu wa Buganda, na unahusishwa na ukoo wa Mwanamfalme Nuhu Mbogo, nduguye Muteesa wa Kwanza, ambaye Waingereza walimpeleka uhamishoni Zanzibar mwaka 1893 na kumruhusu kurudi mwaka 1895. Nsambya walipewa Wakatoliki wa Shirika la Mill Hill, Waingereza, waliofika mwaka 1895 kwa sababu ambayo ina mchezo wa kisiasa ndani yake: ilitakiwa ionekane kwamba Ukatoliki si dini ya Wafaransa peke yao. Hivyo hata ndani ya dini moja kulikuwa na haja ya kilima cha pili.

Kuhusu ziwa, msiende kwa ajili yake. Liko karibu, lakini miinuko ya kusini na mashariki huficha sehemu kubwa, na ninyi mnaotoka Bukoba mnalo ziwa lilelile mlangoni.

Nirudi kwenye kilima chenyewe. Boma la Lugard liligeuka kuwa makumbusho ya kwanza ya Uganda mwaka 1908, kisha mkusanyiko huo ukahamishwa. Msikiti ulianza kujengwa wakati wa Idi Amin, ambaye alitoa ardhi hiyo kwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda katika miaka ya 1970. Kazi ikakwama, na utawala wake ukaanguka Aprili 1979 jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala, wakiwa wamepita kwa njia hiyohiyo ya Mutukula na Masaka. Jengo lilibaki gofu kwa muda mrefu hadi Libya ya Muammar Gaddafi ilipogharimia ukamilishaji wake, uliofikia mwisho mwaka 2006. Jina rasmi sasa ni Msikiti wa Taifa wa Uganda, lakini mwendesha bodaboda mwambieni "msikiti wa Gaddafi, Old Kampala", naye hatauliza tena. Boma la awali liliondolewa ili kupisha ujenzi huo, na mfano wake ukasimamishwa jirani. Sitaficha kwamba jambo hilo linaniuma kama mtu wa historia, ingawa naelewa pia kwamba kwa Waislamu wengi wa Uganda, waliotoka katika vita vya karne ya 19 wakiwa na sehemu ndogo kuliko wenzao, kupata kilima kilichokuwa cha mshindi si jambo dogo.

Sasa mambo ya utaratibu. Kuwa kwenu Wakristo si kikwazo: wageni wa dini zote hupokelewa, hulipa ada ofisini mlangoni na kupewa mwongozaji atakayewapitisha ndani ya ukumbi wa sala na mnarani. Ada hubadilika na huenda ikatofautiana kwa Waganda, wageni wa Afrika Mashariki na wageni wa mbali, kwa hiyo taja mapema kwamba mnatoka Tanzania na uwe na kitambulisho au pasipoti mkononi. Wanawake hutakiwa kufunika kichwa, mikono na miguu. Pale mlangoni kuna mitandio na vitambaa vya kuazima, lakini mimi ningewashauri mje na kanga zenu, ambazo mmezizoea na hazitawavuka mnapopanda. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia ukumbini, basi vaeni vinavyovulika upesi na mje na soksi, maana sakafu na ngazi za mnara si rafiki wa nyayo laini. Tengeni pia dakika chache kwa ukumbi wenyewe. Waongozaji hueleza asili ya kila kitu, zulia la Libya, vioo vya Italia, mbao za Kongo, kwa fahari ambayo inastahili kusikilizwa hadi mwisho.

Epukeni Ijumaa kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa sababu ya sala ya Ijumaa. Siku nyingine, muda mzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi: jua linakuwa mgongoni mwenu mnapotazama magharibi, na vilima vyote vitatu vinapata mwanga usoni. Alasiri hali hugeuka, jua linawapiga machoni upande uleule ninaowahimiza muutazame, na moshi wa jiji unakuwa umeshapanda. Ikiwa mvua imenyesha usiku, msikose asubuhi yake, kwani hewa husafika na Rubaga huonekana hadi madirisha. Katika miezi ya kiangazi, hasa Januari na Februari na tena Juni na Julai, utusiutusi wa vumbi na moshi huweza kufifisha hata Kasubi. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ina hewa safi zaidi ingawa mnaweza kulowa.

Kuhusu dada yako nitasema wazi. Mnara una karibu ngazi 300 zinazozunguka ndani, msitegemee lifti, na magoti hulalamika zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda. Akiwa hana hakika, asipande. Hatakuwa amekosa kila kitu, kwa kuwa uwanja wa msikiti wenyewe uko juu ya kilima, na kutoka kwenye baraza zake Namirembe huonekana vizuri, pamoja na sehemu ya mji wa chini. Anaweza kuketi hapo, akapumzika kivulini, wakati wewe unapanda na mwongozaji. Kwenda na kurudi, pamoja na kutazama kwa utulivu, hakutazidi saa moja. Akiamua kupanda, apande kwa kupumzika kwenye kila dirisha, ashike ukuta wa nje ambako ngazi ni pana, na wewe utangulie mbele yake mnaposhuka.

Kutoka stendi za teksi hadi msikitini mnaweza kutembea, ila ni kupanda mlima kwa kupenya katikati ya umati wa watu, kwa hiyo kwa ajili ya dada yako chukueni gari la kukodi badala ya bodaboda, na simu zikae ndani ya mkoba uliofungwa. Mkipita Owino msisimame kuuliza bei ya kitu msichokusudia kununua.

Mkimaliza na bado mna saa mbili, nisingewapeleka Kasubi, ambayo inataka muda wake peke yake. Teremkeni, mwende Namirembe, ambako gari hufika hadi mlangoni pa kanisa na dada yako hatahitaji kupanda ngazi nyingi. Simameni kwenye uwanja wa mbele na mtazame mashariki: msikiti mliotoka utakuwa mbele yenu, na kutoka hapo mtaweza kuipima safari ya risasi za mwaka 1892 kwa upande wa pili. Kutoka Namirembe hadi Bulange ni mwendo mfupi wa gari, na kama ni siku ya kazi unaweza kuuliza pale kuhusu kutembezwa ndani ya jengo na Lubiri, ikiwa dada yako bado ana nguvu.

Mvua kubwa ikiwakuta asubuhi, msilazimishe mnara. Anzeni na Namirembe, mkae kanisani hadi itulie, kisha mwende Old Kampala hewa ikiwa imesafika.